Umati wa Ijumaa Kuu

Nafasi ngumu kuliko zote katika igizo la Mateso ya Yesu si ya Yesu mwenyewe. Si ya Yuda, wala ya Pilato, wala ya Maria anayemwona mwanawe akipita na mti begani. Ni ya umati: watu wasio na majina ambao Jumapili ya Matawi walitandaza nguo zao barabarani wakishangilia, na Ijumaa wakasimama mbele ya liwali kudai mtu yule yule auawe. Hili nililiona Eldoret, Aprili 2025, nikiwa mwanafunzi wa uigizaji ambaye tangu siku ya kwanza darasani amefundishwa kumkazia macho mhusika mkuu.

Nasoma sanaa za maonyesho Bagamoyo. Misheni ya Wakatoliki imekuwepo mjini kwetu tangu 1868, na adhana ilisikika huko zamani kabla yake. Mimi ni Mwislamu. Kengele ya misheni naijua tangu utotoni, lakini mlango wa kanisa sikuwa nimeuvuka siku ya ibada hata mara moja. Nilipotakiwa kuchagua mada ya kazi ya kumaliza masomo, nilichagua maigizo ya dini, kwa kuwa kila mwaka, bila tiketi wala mabango, hukusanya watu ambao majumba yetu ya maonyesho hayajawahi kuwapata, na bado katika mafunzo yetu tunayapita haraka tukikimbilia Shakespeare na Ebrahim Hussein.

Mjomba wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu. Barabara ya kwenda Malaba na Uganda hukatiza katikati ya Eldoret, naye amepanga nyumba huko miaka mingi. Jirani yake ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili ambaye kila Kwaresima huwaongoza vijana wa parokia yao, nje kidogo ya mji, katika igizo la Mateso. "Njoo ulione," mjomba aliniambia kwenye simu. "Mimi huyu, mwanangu, nililia barabarani mchana kweupe. Na dini yenyewe si yangu."

Nikapanda basi Dar es Salaam, tukapita Arusha na Namanga, nikalala Nairobi. Kutoka Nairobi hadi Eldoret ni zaidi ya kilomita 300. Tuliposimama Nakuru kunyoosha miguu, abiria walikuwa bado wanazungumzia lililotokea hapo wiki moja nyuma. Tarehe 10 Aprili wasichana wa shule ya Butere walikuwa waigize Echoes of War, tamthilia ya Cleophas Malala, katika tamasha la kitaifa la drama za shule. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waachwe waigize. Polisi walifika, mabomu ya machozi yakarushwa, wasichana wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alisema kwamba hajui tamthilia inahusu nini hasa, ila mchezo unaohitaji bomu ili unyamaze lazima una jambo ndani yake. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu kabla basi halijaondoka.

Baada ya Nakuru barabara hupanda, na baridi hupanda nayo. Timboroa, ambako kituo cha reli kiko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ukungu ulifunika misonobari hadi mashina. Mtu wa pwani huko hujikunja tu na kutazama dirishani. Ikweta tulikuwa tumekwisha kuivuka. Tukapita Burnt Forest, mji mdogo ambao Wakenya wengi huukumbuka kwa machafuko ya 1992 na yale ya 2008. Mashamba pande zote mbili yalikuwa yamelimwa, udongo mwekundu uliolowa, watu wameinama wakipanda mahindi. Mvua za masika zilikuwa zimeanza.

Eldoret ilizaliwa 1910 juu ya shamba lililopewa namba 64, na wenyeji wengine bado huuita mji wao kwa namba hiyo. Agosti 2024 ulitangazwa kuwa jiji. Wageni huenda kuwatazama wakimbiaji, nami niliwaona alfajiri wakipita kandokando ya barabara, miguu haisikiki. Mjomba alinipokea kwa chai na mursik aliyopewa na jirani, maziwa ya mgando yenye harufu ya moshi. Lakini nilikuwa na haraka ya kwenda mazoezini.

Mazoezi yalikuwa Jumatano jioni katika ukumbi wa parokia, chini ya mabati, mvua ikipiga juu kiasi cha kulazimisha kila mtu aongeze sauti. Mwalimu alinipa mkono, nikamwamkia shikamoo, akafurahi. "Karibu, dada yetu wa Bagamoyo," aliwaambia vijana. "Huyu anasomea kazi hii. Leo msinitie aibu."

Vifaa vyao vilinivutia mara moja. Kofia za askari wa Kirumi zilikatwa kutoka maboksi na kupakwa rangi ya fedha. Mijeledi ilikuwa ya katani, imechovywa rangi nyekundu ili kila pigo liache alama kwenye kanzu nyeupe. Msalaba ulikuwa wa mkaratusi, mzito kweli, kwa kuwa kijana anayeigiza Yesu, fundi wa kuchomelea vyuma, alikataa kubeba wa mbao nyepesi. Kwenye kona, mama wa makamo aliketi na cherehani akipinda ukosi wa joho la Pilato.

Walianza na hukumu. Pilato aliigizwa na kijana mwenye duka la simu, na nasema bila kusita kwamba ana kipaji. Hakumfanya Pilato kuwa mtu mkali. Alimfanya kuwa mtu aliyechoka, anayetaka jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Alipouliza umati wanataka afanye nini, alikuwa anatazama dumu la maji ya kunawia.

Kisha ikaja zamu ya umati. Vijana thelathini hivi, wengi wa shule ya sekondari, walitakiwa kupiga kelele kudai mtu asulubiwe. Wakacheka.

Mwalimu akasimamisha mazoezi. "Mnacheka nini? Mnamwua mtu." Wakarudia, sauti zikatoka za kusomewa, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Akawasogeza wakaribiane mpaka mabega yakagusana, akawakataza kutazamana, akawaambia wamtazame Pilato peke yake. Mara ya tatu sauti ilitoka. Ilitoka nzima, nene, ikapiga mabati na kurudi, na nywele zangu zikasimama kwa furaha ya kikazi, ile anayoipata mwanafunzi anapoona zoezi limefaulu. Wakati huo huo cherehani ilinyamaza. Yule mama alikunja joho, akaliweka juu ya kiti, akatoka nje kwenye mvua.

Hakuna aliyemzuia. Mwalimu aliendelea kana kwamba alikuwa anajua, na kweli alikuwa anajua. Tulipokuwa tunafunga ukumbi aliniambia, "Kila mwaka hushona nguo zote hizi bila kudai shilingi. Sauti ile ndiyo hawezi kukaa nayo chumba kimoja. Mwaka ule alilala kwenye uwanja wa Kanisa Kuu na watoto wake."

Mwaka ule, kwa watu wa Eldoret, hauhitaji kutajwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 majirani waligeukiana. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini kote, na mamia ya maelfu walihama makwao. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa, karibu kabisa na Eldoret, watu waliokimbilia kanisa la Kenya Assemblies of God walichomewa humo ndani, wengi wao wanawake na watoto. Mjini, Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lilifungua malango na watu wapatao 10,000 wakajaa humo. Askofu Cornelius Korir aliwalisha na kuwalinda.

Alhamisi Kuu asubuhi nilikwenda Kanisa Kuu. Askofu Korir alifariki Oktoba 2017 na amezikwa hapo. Nilisimama kwa adabu, nikamwombea kwa namna ninayoijua. Sikwenda kwa ajili ya kumbukumbu tu. Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu kidogo, Amani Mashinani, kilichotolewa 2009, kinachoeleza jinsi askofu huyo na watu wake walivyopatanisha vijiji. Nilikisoma usiku kucha kwa jicho la mwigizaji, na nilichokiona humo kilinishangaza. Askofu hakuanza kwa kuwakusanya watu uwanjani. Alianza na mtu mmoja mmoja. Halafu jamii moja peke yake, iseme uchungu wake bila adui kuwepo. Halafu wachache wa huku na wachache wa kule. Mkutano mkubwa ulikuja baadaye sana, na ulipokuja uliambatana na kazi ya mikono inayowahitaji wote, barabara au shule. Kwa maneno ya fani yangu, aliuchukua umati akaurudisha kuwa wahusika, kila mmoja na jina lake na kisa chake.

Sisi waigizaji hufanya kinyume. Hufika mtu mwenye jina na kisa, tukamvalisha shuka na kumwambia: wewe ni umati, simama nyuma.

Igizo la Mateso lina historia ndefu ya hatari hiyo. Katika kijiji cha Oberammergau, Ujerumani, wanaliigiza tangu 1634, kwa nadhiri waliyoiweka mwaka uliotangulia walipoomba tauni iwaondokee. Huigizwa karibu kila miaka kumi, na anayeshiriki lazima awe mzaliwa wa kijiji au mkazi wa miaka mingi. Ni kazi ya ajabu ya jamii nzima. Lakini kwa karne nyingi umati katika maigizo ya namna hiyo Ulaya ulionyeshwa kuwa ni Wayahudi, wote, wa zamani na wa sasa, na kulikuwa na miji ambako Wayahudi walijifungia ndani Wiki Takatifu kwa kuwaogopa waliotoka kanisani. Hitler alilitazama igizo la Oberammergau mwaka 1934 na kulisifu. Ni mwaka 1965 tu Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipotamka kwamba kifo cha Yesu hakiwezi kubebeshwa Wayahudi wote, na tangu hapo kijiji kile kimeandika upya sehemu za umati, kikiwapa watu katika uwanja ule sauti zinazopingana. Nilipomweleza Mwalimu habari hizo, alisikiliza hadi mwisho kisha akasema kwamba katika parokia yake hakuna mtu anayeambiwa umati ni watu gani. Umati ni wao wenyewe. Katika ibada ya Ijumaa Kuu, Injili ya Mateso inaposomwa kwa kugawana sehemu, waumini ndio husoma maneno ya umati. Padri husoma ya Yesu. Nililisikia hilo kwa mara ya kwanza kutoka kwake, na niliona kuwa kanisa hilo lilikuwa limegawa majukumu kwa ujasiri kuliko mwongozaji yeyote ninayemjua.

Kuhusu Pilato tulitofautiana. Nilimshauri amvue joho amvalishe suti, ampe faili na msaidizi wa kumshikia mwavuli, ili watu waone ofisi wanazozijua. Alikaa kimya kidogo. "Mwaka jana ningekubali," alisema. "Mwaka huu, baada ya Nakuru, watasema tunamlenga mtu fulani. Sitaki watoto wa wenyewe wapigwe gesi Ijumaa Kuu." Joho likabaki. Nasikitika, kwa kuwa kijana yule wa duka la simu angevaa suti ile vizuri sana. Lakini mwenye kubeba dhamana ya watoto wale alikuwa yeye.

Ijumaa tulianza saa nne asubuhi. Njia ya Msalaba ina vituo 14, hesabu iliyowekwa rasmi na Papa Klementi wa Kumi na Mbili mwaka 1731, na parokia hii huvitawanya barabarani kuanzia soko dogo hadi kilima kilicho nyuma ya kanisa. Askari wa trafiki wawili walitangulia kusimamisha magari. Sikuweza kutofikiria wasichana wa Butere: amri ya mahakama haikuwatosha, na hapa polisi walikuwa wanafungulia igizo njia.

Niseme kwanza yaliyonikera, maana nilikwenda kama mwanafunzi na si mhujaji. Kipaza sauti kilikoroma vituo vitatu vya mwanzo na kula maneno ya Pilato ambayo nilikuwa nimeyapenda sana. Askari wa Kirumi walipiga mijeledi kupita kiasi. Pigo la kwanza la mjeledi jukwaani huumiza mtazamaji, la tano pia, lakini kufikia la ishirini mtazamaji anaanza kuhesabu na kutazama rangi. Anaacha kumwona mtu. Vijana wanne walikuwa wanafurahia nafasi yao, na furaha hiyo ilionekana. Katika darasa langu ningewasimamisha.

Lakini yule fundi wa kuchomelea! Hakufanya karibu lolote. Tumefundishwa mbinu za Stanislavski, mwigizaji atafute hisia ndani yake, ajiulize angefanyaje kama yangemkuta yeye. Tumefundishwa pia njia ya Brecht, mwigizaji asimame kando ya mhusika na kumwonyesha. Kijana huyu hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Alibeba mti. Mti ulikuwa mzito, akachoka kweli, akaanguka mahali palipopangwa lakini kwa namna isiyopangwa, magoti yakazama kwenye tope. Hakujaribu kutushawishi kwamba yeye ni Yesu. Watu walikuwa wameleta Yesu wao kutoka nyumbani, kila mmoja wake, na yeye aliwapa tu mwili wa kumwekea.

Mwaka jana niliigiza Kinjeketile darasani, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka 1969. Kinjeketile ni mganga wa Ngarambe aliyesemekana kuchukuliwa na pepo Hongo ndani ya mto na kutoka mkavu, akawaahidi watu maji ya kuwakinga na risasi za Wajerumani, na historia inasema alinyongwa Mohoro mwezi Agosti 1905. Nilijitesa majuma mengi nikitafuta jinsi ya kupandwa na pepo jukwaani. Nilitetemeka, nikageuza macho, nikakesha nikisikiliza kanda za waganga. Barabarani Eldoret niliona kwamba nguvu ya tamthilia ile haiko kwenye kutetemeka kwangu. Iko kwa Wamatumbi wanaomzunguka, waliokuwa wakigombana hadi juzi, ambao sasa wana neno moja na wanataka vita haraka kuliko mganga mwenyewe anavyotaka. Kinjeketile anaona neno lake limekwisha kuwa la wengine na halimsikilizi tena. Umati ndio mhusika mkuu wa Kinjeketile, na sisi tuliuigiza kwa wanafunzi watano waliokosa nafasi nyingine.

Kituo cha tano kilinifanya nisahau daftari. Simoni wa Kirene, mtu wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa anatoka shamba askari walipomlazimisha kusaidia kubeba msalaba. Mwalimu alikuwa amempanga mzee mmoja mkulima, bila kuwaambia watazamaji. Mzee akaja kutoka upande wa mashamba akiwa na gambuti zenye tope hadi magotini na jembe begani, kama alivyokuwa asubuhi hiyo kweli, maana alikuwa ametoka kupanda. Askari walipomshika watu walidhani ni mpita njia anayeonewa. Mwanamume mmoja wa bodaboda alishuka kwenye pikipiki akaingia katikati: "Mwacheni mzee! Mzee ana kosa gani?" Askari wa maboksi wakatazamana. Mzee akamgusa yule kijana mkononi, akamwambia jambo kwa Kikalenjini, akauinamia mti. Kijana akarudi nyuma taratibu, ameshika kofia yake ya pikipiki kifuani, na akaufuata msafara huo hadi kituo cha mwisho. Nimesoma kuhusu Augusto Boal, Mbrazili aliyetaka mtazamaji ainuke na kuingia kwenye mchezo. Nimesoma kuhusu Malya, mkoani Mwanza, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Muhando, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi walifanya maigizo na wanakijiji kuhusu matatizo yao. Kusoma ni jambo jingine. Yule kijana wa bodaboda ndiye mtu pekee siku nzima aliyefanya kile ambacho umati wa Yerusalemu haukukifanya.

Sauti ya umati ilikuwa imetangulia, kwenye kituo cha kwanza. Mwalimu alikuwa ameniuliza usiku wa kuamkia Ijumaa kama dini yangu ingeniruhusu kusimama na vijana. Katika imani yangu Nabii Isa hakusulubiwa, nikamweleza hivyo, naye akasema anafahamu, nisimame tu bila kusema lolote. Nikasimama. Kwetu zikri na Maulidi ya Homu pia hazina watazamaji: ukishakaa kwenye safu unayumba na safu. Kwa hiyo nilidhani najua nguvu ya watu wengi kupumua pamoja. Sauti ilipotoka nyuma yangu, watu wazima nao wakaiitikia, mamia, si vijana wale thelathini tu, na ardhi niliyoikanyaga niliihisi. Mimi nilinyamaza. Na nikiwa nimenyamaza niliona wazi, kwa jicho la mwongozaji aliye juu ya kilima, kwamba nilikuwa naigiza vizuri tu. Aliyenyamaza katikati ya umati huonekana kuwa umati. Mwili wangu ulijaza nafasi yake na kuufanya uonekane mkubwa zaidi kwa mmoja.

Yule mama wa cherehani hakuwepo hapo. Alitokea kituo cha sita, yeye ndiye Veronika. Alitoka mlangoni mwa kibanda cha mboga na kitambaa cheupe, akaufuta uso wa yule fundi jasho na rangi nyekundu, polepole, sehemu kwa sehemu, na wale askari waliokuwa wakifurahia nafasi zao wakashusha mijeledi bila kuambiwa. Hilo halikuwemo kwenye mazoezi. Mwalimu alinong'ona pembeni yangu, "Waache." Mjomba, aliyekuwa mbele yetu, alitoa leso.

Jumamosi, waumini wakisubiri mkesha wa Pasaka, tuliketi na Mwalimu kwenye ngazi za ukumbi tukipanga kofia za maboksi ndani ya gunia. Nilimpa pendekezo langu kwa bidii yote. Mwaka ujao kila mmoja katika umati apewe jina na sababu: huyu ni muuza mikate aliyeharibiwa meza yake hekaluni, huyu ameahidiwa pesa, huyu amemfuata kaka yake, huyu anaogopa Warumi wataichoma mitaa. Kila mmoja aseme kwa sababu yake. Hapo ndipo mtazamaji ataona jinsi watu wema wanavyofika huko.

Alifikiri muda mrefu. "Kazi nzuri, dada. Lakini nikimpa kila mmoja jina na sababu, na amekaa na sababu hiyo Kwaresima nzima akiitafakari, nani atabaki wa kupiga kelele?"

Nilimjibu kwamba huenda sauti itatoka ndogo na yenye mikwaruzo, na kwamba ingetisha zaidi. Hakukubali. Anasema kelele lazima iwe nzima, watu wasikie ilivyo, hasa vijana waliozaliwa baada ya 2008 ambao wameambiwa habari zake kwa kifupi tu mezani. Mimi naona kelele nzima inaweza kumpa kijana ladha tamu, kama ilivyonipa mimi Jumatano chini ya mabati kabla cherehani haijanyamaza. Tulibishana hadi kengele ya mkesha. Tumekubaliana jambo moja: Kwaresima ijayo nitakuja mapema, atanigawia nusu ya umati niifundishe kwa njia yangu, nusu nyingine abaki nayo, na mbele ya Pilato wasimame wote pamoja. Bagamoyo nako nimebadilisha kazi yangu ya kumaliza. Nitaongoza Kinjeketile na Wamatumbi arobaini, na nimeanza kuwatafuta sokoni, ufukweni kwa wavuvi na kwenye madrasa niliyosoma.